Majisafi, Majitaka na Maji ya Tatu: Uhakiki wa Istilahi za Viwambo vya Maji

Katika shughuli za maji lugha yetu imekwisha kujipatia maneno mawili yaliyokomaa. Majisafi na majitaka, kila moja likiandikwa kama neno moja, yameingia katika nyaraka za serikali, katika majina ya mamlaka za miji, na katika ankara anazopelekewa mwananchi kila mwezi. Maneno haya hutazamana kama mlango wa mbele na mlango wa uani: majisafi ndiyo yanayoingia nyumbani, majitaka ndiyo yanayotoka. Hakuna mtumishi wa umma anayehitaji kufafanuliwa.

Hata hivyo, maarifa ya maji hayakusimama pale yalipokuwa maneno hayo yalipopangwa. Yako leo maji yaliyotoka majumbani yakiwa majitaka, yakapitishwa katika mitambo ya viwambo, kisha yakarudishwa kwa watu na viwanda. Hayo si majitaka tena, na wengi hawako tayari kuyaita majisafi. Ni maji ya tatu, nayo hayana jina moja. Katika tafsiri na vipeperushi tunavyovisoma huitwa mara "maji yaliyosafishwa", mara "maji yaliyotibiwa", mara "maji mapya". Mitambo yenyewe huitwa filta, chujio, kichungi, utando, na pengine hutajwa kwa herufi za kigeni tu, kama kwamba Kiswahili hakina la kusema.

Katika makala hii tunakusudia kuyapima maneno hayo, na kupendekeza yapi yashikwe na yapi yaachwe. Hoja yetu ni kwamba jina la maji halina budi kueleza kazi iliyofanywa juu ya maji hayo na matumizi yaliyoruhusiwa. Lisiyatie maji aibu kwa asili yake, wala lisiyape sifa ambayo hayakupimwa kwayo.

Chujio, utando au kiwambo?

Tuanze na kitu chenyewe. Mtambo tunaouzungumzia una ngozi nyembamba sana iliyotengenezwa kwa kemikali, na kazi yake ni kuyaruhusu maji yapite na kuvizuia vitu vingine. Mwaka 1748 mwanasayansi wa Ufaransa, Nollet, aliona kwamba kibofu cha nguruwe kilipitisha maji upande mmoja na kukizuia kileo upande wa pili. Kutoka hapo hadi mtambo wa manufaa ilipita zaidi ya miaka mia mbili. Loeb na Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ndio waliofaulu, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutengeneza ngozi ya selulosi yenye uso mwembamba ulioshikizwa juu ya mwili mnene wenye matundu. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ulianza kupata maji ya kunywa kwa njia hiyo. Katika miaka ya 1970 Cadotte alileta ngozi ya tabaka la poliamidi, na hiyo ndiyo inayotawala hata leo. Unene wa tabaka hilo haufikii sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kitu hicho tukiiteje? Wengi husema chujio. Kiswahili kina utajiri mkubwa katika mlango huu: chujio la chai, kifumbu cha tui, kung'uto la kuchujia, chekeche la unga, kichungi cha sigara. Mafundi wa magari wana filta ya mafuta. Maneno haya yote yana wazo moja, yaani kitu chenye matundu ambacho hukamata kilicho kikubwa na kuachilia kilicho kidogo. Wazo hilo linatosha kwa changarawe, majani ya chai na chicha za nazi. Halitoshi kwa ngozi inayozuia chumvi, kwa sababu chumvi iliyoyeyuka haina chembe zinazoonekana za kunaswa kwenye matundu. Katika viwambo vilivyo vyembamba kuliko vyote, maji hayapenyi kwa kutafuta tundu, bali hujiyeyusha ndani ya ngozi na kutokea upande wa pili. Mtu akisoma "chujio la chumvi" hudhani kwamba chumvi imebaki juu ya chujio kama majani ya chai, naye huuliza hukung'utwa lini. Swali hilo limezaliwa na neno baya.

Neno utando lina watetezi wengi, na kwa haki. Linatokana na kutanda, nalo hutaja kitu chembamba kilichoenea juu ya kingine: utando wa maziwa, utando wa buibui, utando wa jicho. Katika vitabu vya elimu ya viumbe limekwisha kutumika kwa ngozi ya seli. Lakini tukilileta katika mtambo wa maji litatutia mashakani mara moja. Adui mkubwa wa mitambo hii ni ute wa vijidudu unaojijenga juu ya ngozi, ukaziba njia na kupunguza maji yanayopita. Ute huo ndio hasa utando kwa maana ya asili, kitu kilichotanda juu ya kingine bila ya kualikwa. Fundi akiandikiwa kwamba "utando ukijenga utando, utando usafishwe", hatajua aoshe nini na akiache nini. Kosa katika maelezo hayo laweza kuiharibu ngozi iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza kiwambo, wingi wake viwambo. Neno hili linatokana na kuwamba, kazi ambayo kila mtengeneza ngoma anaijua: ngozi huvutwa, hukazwa juu ya mzinga, na hustahimili kupigwa. Kiwambo cha maji nacho hushikizwa na kukazwa, na hustahimili kusukumwa kwa nguvu. Mtu aweza kupinga kwamba wako waliokwisha kulitumia kiwambo kwa uso wa kompyuta. Tunakubali, lakini hakuna atakayechanganya kiwambo cha kompyuta na kiwambo cha maji, kwa kuwa havikutani katika sentensi moja. Utando na utando hukutana katika kila ukurasa. Basi kiwambo liwe jina la kifaa, na utando libaki kuwa jina la uchafu unaokitanda.

Madaraja manne ya uchujaji

Viwambo vina madaraja manne, na tafsiri nyingi huyavuruga. Daraja la kwanza huzuia tope laini na bakteria. Vitundu vyake hukadiriwa kwa sehemu za maikromita. Daraja la pili ni laini zaidi, nalo huzuia hata virusi. Daraja la tatu, ambalo vitundu vyake hufika nanomita moja hivi, huzuia sehemu kubwa ya madini yanayoyafanya maji kuwa magumu. Daraja la nne huzuia chumvi ya kawaida, ile ya baharini na ya jikoni.

Tumekuta "uchujaji mdogo", "uchujaji mdogo zaidi" na "uchujaji mdogo kabisa". Maneno haya hayafai. Msomaji atafikiri kwamba kinachoelezwa ni wingi wa maji yanayochujwa, hali kinachokusudiwa ni udogo wa kinachozuiwa. Kwa upande wa pili, kuyabeba majina ya kigeni mazimamazima na kuyavalisha irabu za mwisho huzaa maneno marefu yasiyotamkika darasani. Njia ya katikati ni kukiacha kichwa cha neno kiwe cha Kiswahili na kuazima kiambishi peke yake: uchujaji maikro, uchujaji ultra, uchujaji nano. Maikro na nano mwanafunzi hukutana nazo katika somo la fizikia, kwa hiyo hatujifunzi kitu kipya bali tunakitumia tulichonacho. Neno uchujaji tunalikubali kwa madaraja hayo matatu kwa sababu huko vitundu vipo kweli. Katika daraja la nne tunaliacha, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja.

Hapa inafaa kutoa tahadhari. Nano ni kipimo tu, wala si ushahidi kwamba kifaa kinatumia kiwambo. Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyepata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, alibuni kifaa kinachounganisha mchanga na vitu vya kipimo cha nano. Kifaa hicho ni cha heshima na cha manufaa, lakini hakitumii kiwambo. Mfasiri akikiita "kifaa cha uchujaji nano" atakuwa amekiweka katika ukoo usio wake, na ofisa anayelinganisha vifaa vya kununuliwa kwa ajili ya shule atalinganisha visivyolingana.

Osmosisi kinyume, si osmosisi rejea

Jina la daraja la nne limezua ubishi zaidi. Osmosisi ni neno ambalo wanafunzi wa elimu ya viumbe wamelizoea, nasi hatuoni sababu ya kulitupa. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni msukumo. Tendo lenyewe kila mpishi wa pwani analijua hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Ndimu za achari zikitiwa chumvi, maji yaliyomo ndani hutoka na kuifuata chumvi iliyo nje, na ndimu hunywea. Maji huenda kule kwenye chumvi nyingi bila ya kulazimishwa na mtu.

Mtambo wa daraja la nne huyalazimisha yaende njia iliyo kinyume, yaani yatoke kwenye chumvi nyingi na kuiacha chumvi nyuma. Nguvu ya kufanya hivyo si haba. Kwa maji ya bahari msukumo wa asili unaopaswa kushindwa ni kiasi cha bari 27, na mitambo husukuma kwa bari 55 hadi 70. Gurudumu la gari dogo hujazwa kwa bari 2 hivi. Ikiwa tunataka mfano wa jikoni, huyu si mpishi anayengoja achari iive, bali ni yule anayelikamua tui kwenye kifumbu kwa nguvu zake zote mpaka chicha zibaki kavu.

Majina mawili yanashindana: osmosisi kinyume na osmosisi rejea. Sisi tunasimama na la kwanza. Rejea ni kurudi, tena ni kutazama chanzo cha habari. Maji katika mtambo huu hayarudi popote, yanasukumwa. Lakini ubaya mkubwa zaidi uko mbele. Kurejeleza kumekwisha kuenea kwa maana ya kukitengeneza upya kitu kilichotumika ili kitumike tena, kama vile kurejeleza karatasi na plastiki. Tukiwa na osmosisi rejea upande mmoja na maji yaliyorejelezwa upande wa pili, msomaji atadhani kwamba kila maji ya osmosisi rejea yametoka chooni. Huko ni kuyasingizia maji. Katika Oman na nchi jirani za Ghuba, ambako wasemaji wa Kiswahili si haba, maji mengi ya mfereji ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Hayakupata kutumiwa na mtu. Osmosisi ni jina la njia, na urejelezaji ni jina la safari ya maji. Njia moja yaweza kutumika katika safari nyingi, kwa hiyo majina yake yasifanane.

Maji yaliyopenya na maji yaliyobaki

Katika chujio la chai kinachobaki ni kidogo nacho hutupwa. Katika kiwambo cha osmosisi kinyume mambo hayako hivyo. Maji hupita yakiusugua uso wa kiwambo; sehemu hupenya, na sehemu iliyobaki huendelea na safari yake ikiwa imebeba chumvi yote iliyozuiwa. Mtambo wa maji ya bahari hupata kwa kawaida chini kidogo ya nusu ya maji uliyoyavuta. Nusu ikipenya, nusu iliyobaki itakuwa na chumvi karibu mara mbili ya ile ya bahari. Maji hayo hurudishwa baharini, na namna ya kuyarudisha ni jambo la maana kwa matumbawe, kwa nyasi za baharini na kwa wavuvi.

Tumeona maji hayo yakiitwa "majitaka ya mtambo". Tunalipinga jina hilo. Majitaka ni maji ya vyoo, mabafu na viwanda, nayo yana sheria zake, mabomba yake na magonjwa yake. Maji ya chumvi kali yana madhara ya namna nyingine na yanadai uangalizi wa namna nyingine. Ofisa wa mazingira akiyaona katika orodha ya majitaka atatafuta vijidudu vya kipindupindu na kuusahau uzito wa chumvi. Baadhi ya wafasiri, kwa kutaka neno moja fupi, wamejaribu "kipenyo" kwa maji yaliyopita. Hilo nalo halifai, kwa kuwa kipenyo kimekwisha kuwa mali ya somo la hisabati. Tunapendekeza yasemwe waziwazi: maji yaliyopenya na maji yaliyobaki, na pale inapobidi, maji ya chumvi iliyobaki. Istilahi si lazima iwe neno moja. Ufupi ni sifa, lakini ukweli huutangulia.

Kutibu, kusafisha, kutakasa, kutohara

Sasa tuyaangalie matendo. Kutibu maji kumeenea katika ofisi zetu, na asili yake ni tafsiri ya moja kwa moja, kwa maana maji si mgonjwa. Hata hivyo watu wamelipa neno hili maana yao wenyewe. Klorini huitwa dawa ya maji, na anayetia dawa hutibu. Kwa maana hiyo ya kutia dawa tunaliridhia. Lakini kiwambo hakitii dawa, bali hutenga. Kusema kwamba kiwambo kimeyatibu maji ni kumfundisha mwananchi kwamba kuna kitu kimeongezwa, ilhali kuna kitu kimeondolewa.

Kutakasa ni neno zuri, na ukoo wake ni mkubwa: lina ndugu kama takatifu na utakaso. Uzito huo wa kidini ndio unaotutia hofu tunapoliona katika taarifa ya maabara. Ndugu yake mwingine, kutakatisha, amepata sifa mbaya, maana sheria zetu humtumia kwa fedha za uhalifu zinazovalishwa sura ya halali. Serikali ikitangaza kwamba imeyatakatisha majitaka, wenye maneno watakuwa na kazi ya kufanya mwezi mzima.

Kutohara hakufai kabisa katika uhandisi. Tohara na najisi ni hukumu za sheria ya dini, nazo zina wenyewe wanaozitoa. Jambo hili si la mzaha, kwa sababu Waislamu wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza, kama maji yaliyotoka kwenye majitaka yanafaa kwa udhu. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliamua kwamba maji ya namna hiyo, yakisafishwa kikamilifu hata yakarudia hali yake ya asili kwa rangi, ladha na harufu, huwa tohara. Kuhusu kunywa, lilitaka afya za watu ziangaliwe kwanza. Tazameni jinsi wanazuoni wale walivyoitenganisha hukumu ya dini na hukumu ya afya. Mfasiri anayeandika "maji tohara" mahali pa "maji salama" anayachanganya yale waliyoyatenganisha.

Kunabaki kusafisha, neno la kila siku, ambalo tunalikubali likiwa na masharti. Msemo wetu wa maji safi na salama una hekima kuliko watumiaji wake wengi wanavyodhani, kwa kuwa safi na salama si kitu kimoja. Pembezoni mwa Meru na Kilimanjaro yako maji meupe kama kioo yenye madini ya floridi kupita kiasi, na meno na mifupa ya watu ndio mashahidi. Kipimo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii. Mvuke huenda zake na floridi hubaki ikiwa imekolea zaidi. Osmosisi kinyume huweza kuiondoa. Basi tukisema maji yamesafishwa, sharti tuseme yamesafishwa nini. Neno kusafisha peke yake ni ahadi isiyo na kipimo.

Jina la maji ya tatu

Tumefika kwenye kiini. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukiyarudisha majitaka yake katika maji ya kunywa tangu mwaka 1968, na mtambo wake wa mwaka 2002, wenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, una viwambo vya uchujaji ultra. Jimbo la Orange, California, lilifungua mwaka 2008 mtambo unaotumia uchujaji maikro, osmosisi kinyume na mwanga wa urujuanimno, kisha maji huingizwa ardhini yakanywewa baadaye kutoka visimani. Upanuzi uliokamilika mwaka 2023 uliufikisha kwenye mita za ujazo kiasi cha 490,000 kwa siku. Kwa hiyo uwezekano wa kazi hii hauna ubishi tena. Ubishi uko kwa watu, na kwa sehemu kubwa ni ubishi wa majina.

Katika miaka ya 1990 wapinzani wa miradi ya namna hii huko California waliieneza kaulimbiu fupi isemayo kwamba maji yatatoka chooni hadi bombani. Maneno hayo yaliwashinda wahandisi na majedwali yao. Mwaka 2006 mji wa Toowoomba, Australia, ukiwa katikati ya ukame mkali, ulipiga kura, na wapiga kura wapatao asilimia 62 waliukataa mradi. Singapore ilishika njia nyingine. Kabla ya kuwapa watu maji, ilibadili majina. Majitaka yakaitwa maji yaliyotumika, na maji yaliyotoka mtamboni yakapewa jina la NEWater, lililounganisha upya na maji. Mwaka 2002 watu waliyanywa katika sherehe za taifa, na mwaka 2003 mitambo ikafunguliwa rasmi. Sehemu kubwa ya maji hayo huenda viwandani, na nyingine huchanganywa katika mabwawa ya maji ya kunywa.

Je, tuiige Singapore? Nusu yake, ndiyo. "Maji yaliyotumika" ni jina la haki, kwa kuwa linasema lililotokea bila ya kutukana. Lakini "maji mapya", jina ambalo baadhi ya wafasiri wetu wamelipenda, tunalikataa. Hilo ni jina la biashara, nalo linafaa mahali ambapo serikali moja inasimamia mitambo yote na kuipima kila siku. Kwetu kila atakayenunua kiwambo kimoja na tangi la plastiki atabandika ubaoni pake "maji mapya", na hakuna atakayeweza kumkana, maana upya haupimwi kwa chombo chochote.

Hatari yenyewe ndiyo hii. Miji yetu mingi ina mabwawa ya majitaka, ambamo uchafu hutuama na jua na vijidudu hufanya kazi yao. Maji yanayotoka humo huitwa "maji yaliyosafishwa", na kwa kiasi fulani ni kweli. Yanaweza kufaa kwa mazao fulani yakiwa na uangalizi. Maji ya osmosisi kinyume nayo huitwa "maji yaliyosafishwa". Jina moja limewekwa juu ya maji ya kumwagilia na juu ya maji ya kunywa. Mkulima wa mboga bondeni, aliyesoma tangazo la ofisi kwamba maji ya mfereji ule yamesafishwa, atawanywesha watoto wake humo humo shambani, naye hatakuwa amekosa. Aliyekosa ni mwandishi wa tangazo. Mfasiri akichagua neno hapa, anachagua nani aumwe tumbo.

Dawa iko katika lugha ya watu. Kwa miaka mingi akina mama na wauguzi wamesema maji ya kuchemsha, kama vile wasemavyo samaki wa kukaanga na ndizi za kuchoma. Hilo ni jina linaloeleza kazi iliyofanyika. Wakasema pia maji ya kunywa, maji ya kufulia, maji ya kuogea, na hayo ni majina yanayoeleza matumizi. Tuziunganishe njia hizo mbili. Katika mazungumzo yawe maji ya kurejeleza. Katika maandishi rasmi, ambamo mkanganyiko hauruhusiwi, yawe maji yaliyorejelezwa. Na kila mara jina hilo lifuatwe na matumizi: maji yaliyorejelezwa ya kilimo, maji yaliyorejelezwa ya kiwandani, maji yaliyorejelezwa ya kunywa. Likikosa mkia huo, jina lihesabiwe kuwa halijakamilika, kama chupa ya dawa isiyo na kibandiko.

Wako watakaosema kwamba kurejeleza ni neno changa, na kwamba mwananchi wa kawaida bado hajalizoea. Ni kweli. Lakini hata majitaka, yakiwa neno moja, yalikuwa mageni siku ya kwanza yalipobandikwa kwenye ankara. Neno hukomaa kwa kutumiwa na wengi kwa maana ileile. Linalolidhoofisha ni kila ofisi kujifanyia lake.

Kwa muhtasari, tunapendekeza haya yafikiriwe na walimu, wafasiri na watumishi wa idara zinazohusika: kiwambo kwa ngozi ya mtambo, na utando kwa ute unaokiziba; uchujaji maikro, ultra na nano kwa madaraja matatu ya kwanza; osmosisi kinyume kwa daraja la nne; maji yaliyopenya na maji yaliyobaki kwa matokeo yake; kutibu kwa kutia dawa peke yake; kusafisha pale tu kinachoondolewa kinapotajwa; maji yaliyotumika kwa yanayotoka nyumbani yakielekea mtamboni, bila ya kuliondoa neno majitaka katika sheria; na maji yaliyorejelezwa, pamoja na matumizi yake, kwa maji ya tatu. Yaliyo bora kuliko haya yakiletwa tutayapokea kwa shukrani. Tunachoomba ni kwamba mjadala ufanyike sasa, kabla ya mabomba kufukiwa, maana tangazo likishabandikwa mtaani si rahisi kulibandua.